Kibao cha Siku Tatu

Mara ya kwanza Umurerwa alipompelekea Mwalimu Straton historia ya maisha yake, karatasi ilirudi nyekundu kama gogo la kuchinjia kuku. Na mwenye historia alikuwa hai, ameketi barazani kwake hapa Kashuga, blanketi magotini, rozari shingoni, biki nyekundu ya kusahihishia nyuma ya sikio.

Watu walishangaa. Huku historia ya marehemu huandikwa na wafiwa wakati kilio kimeshaanza. Mmoja anataja mwaka, mwingine anabisha, wa tatu anauliza kama chai imefika, kisha inasomwa kanisani kabla jeneza halijatoka. Mwalimu Straton alikuwa amesikiliza historia za namna hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini, akiwa mwalimu na katekista, na zote, alisema, zilikuwa na makosa.

"Mlima huu unazika watakatifu tu," alimwambia Umurerwa. "Tangu nije hapa sijaona mwenye dhambi hata mmoja akishushwa kaburini. Sasa mimi mtanizika wapi?"

Ndipo akamwagiza aandike yeye, mapema, mzee angali na macho ya kusahihisha.

Kwa nini Umurerwa? Mwalimu alikuwa na watoto watano, wote wamesoma, na mkubwa wao, Magloire, ana meza yake ya ofisi kule Goma. Lakini Umurerwa alikuwa mwanafunzi wake wa mwisho. Shule ya mchana ilimponyoka akiwa darasa la nne, mwaka ambao familia yao ilikimbia vita mara tatu. Akaja kuipata tena akiwa na miaka ishirini na mitatu, katika darasa la jioni ambalo Mwalimu Straton aliwafungulia akina mama baada ya kustaafu. Walianza saa kumi, wakitoka shambani, majembe yamelazwa mlangoni, na walimaliza pale maandishi ya ubaoni yalipokuwa hayaonekani tena. Binti yake Blandine alizaliwa kati ya somo la kugawanya na somo la kuandika barua. Mwaka jana Umurerwa akapata cheti, na tangu hapo alikuwa na ndoto moja ambayo hakumficha mtu: mzee akichoka, yeye ndiye atakayeshika chaki.

Kwa hiyo aliandika kwa moyo wote. Na kwa moyo wote mzee alifuta.

"Mwalimu mashuhuri," aliandika Umurerwa. Biki ikapita. "Mashuhuri kwa nani? Kwa mbuzi?"

"Baba wa wote." Biki. "Mimi nina watoto watano. Wengine usinisingizie, mke wangu atafufuka."

Kuna mahali alikuwa na hakika kwamba mzee hatagusa: ile siku ya kukimbilia Mweso, watu wakibeba magodoro, naye Mwalimu akibeba kichwani ubao wa shule. Hadithi hiyo hata watoto wadogo wanaijua. Mzee aliisoma, akatikisa kichwa.

"Ubao ulikuwa mwepesi kuliko godoro. Godoro alibeba mke wangu. Andika hilo."

Na kila baada ya masahihisho, sheria ilikuwa ileile ya darasani. Hakuna kuchomeka maneno pembeni. Unanakili yote upya, tangu jina la juu mpaka nukta ya mwisho. "Anayenakili hukumbuka," alisema Mwalimu. "Na kosa likibaki hata moja, ndilo watu watakalolisoma."

Basi Umurerwa alinakili. Alinakili mtoto akinyonya, alinakili maharage yakichemka, alinakili mvua ikipiga mabati mpaka hakusikia mawazo yake mwenyewe. Mara sita. Kaye lake, daftari lilelile la darasa la jioni, likakonda katikati kama mgonjwa. Alimpenda mzee, lakini kuna siku alitamani kuitupa ile biki nyekundu ndani ya choo. Kila kitamu kilifutwa. Kilichobaki kilikuwa miaka na majina ya mahali, kavu kama bua la mhindi.

Nyumbani nako hakukuwa na wa kumpa pole. Mumewe, Twizeyimana, alikuwa ameenda Walikale kubeba mizigo huko machimboni, na habari zake zilifika kwa kudonoadonoa, kupitia midomo ya watu. Umurerwa aliishi na mama mkwe wake, Mukandayisenga, mwanamke wa mikono mikubwa na maneno machache, ambaye alimlea Blandine bila kununa, ila alinuna mara tu alipoliona kaye.

"Ule muzee yako bado anakutumikisha?"

"Ananisahihisha, Mama."

"Njo vile. Banasahihishaka, bale."

Jina la Mwalimu halikuwahi kumtoka mdomoni; kwake alikuwa "ule muzee", au "bale", wale. Mzee akionekana njiani na fimbo yake, Mukandayisenga alikata kona na kuingia shamba lolote lililokuwa karibu, liwe lake au la mwenzake, akainama kama anayeng'oa magugu mpaka apite. Umurerwa alidhani ni mambo ya dini, maana mama mkwe alisali kanisa lingine.

Ndipo ikaja nakala ya sita. Mzee aliisoma kimya, mara mbili, hakufuta chochote. Umurerwa akaanza kutabasamu. Kisha Mwalimu akachukua biki, akageuza karatasi ubavu, na pembeni, mahali ambapo yeye mwenyewe alikataza watu kuandika, akaandika kwa mkono wake:

*Mwaka wa 1979 nilimvalisha mtoto mmoja wa kike kibao shingoni siku tatu, kwa sababu aliongea lugha ya mama yake darasani. Siku ya nne hakurudi shuleni. Namwomba msamaha, na Mungu pia.*

"Hii utaiweka baada ya miaka ya kazi," alisema. "Na usiigeuze kuwa 'alimvalisha'. Iache hivyo. Ni mimi."

Umurerwa alikuwa amesikia habari za kibao. Kilikuwa kipande cha ubao chenye kamba. Siku hizo, mtoto aliyekamatwa akiongea lugha ya kwao badala ya Kifaransa alikivaa mpaka amkamate mwenzake na kumpa. Kilitembea shingo kwa shingo, na wengine walikifanya mchezo.

"Huyo hakukifanya mchezo," alisema Mwalimu. "Alifunga kinywa. Na wenzake nao, wakiwa karibu naye, walifunga kinywa. Kibao kikakosa pa kwenda. Nilikiona kila asubuhi shingoni mwake, nikasema moyoni, mwache ajifunze. Jumapili nikasimama mbele ya watoto wa katekisimu, nikawasomea, waacheni watoto wadogo waje kwangu." Akavuta blanketi. "Sauti yangu ilikuwa nzuri sana siku hiyo."

"Mwalimu, hii tuifute."

"Biki ni yangu."

"Watu watakucheka."

"Wacheke. Mimi nimewafanya wangapi wachekwe kwa kibao?"

"Hata darasa la jioni umenifutisha, umesema ni kujisifu. Sasa la aibu ndilo unaliacha?"

"Darasa la jioni ni deni la kibao," alisema mzee. "Mtu hajisifu kwa kulipa deni."

Umurerwa alihisi machozi ya hasira. Miaka mitatu alikuwa amemwona mzee huyu akiwashika akina mama mkono, mmoja mmoja, akiuongoza kwenye herufi kana kwamba anawabatiza. Akimweleza Mama fulani kwa Kihunde, mwingine kwa Kinyarwanda, bila kumcheka mtu. Na sasa anataka watu waondoke kaburini kwake wakiwa wamebeba kibao.

"Yeye mwenyewe umeshamwomba msamaha?"

"Nimejaribu njiani, mara mbili, mara tatu. Yuko hapahapa. Ananikwepa, nami sina tena miguu ya kumfuata mtu ndani ya maharage. Jina lake sikuliandika. Jina ni lake." Akamtazama juu ya miwani. "Utausoma huo mstari?"

Umurerwa alikuwa amekasirika mno kuweza kufikiri. Alimfunga Blandine mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nitausoma."

"Sema tena, nisikie vizuri."

"Nitausoma, Mwalimu."

Nakala ya saba ilipopita bila doa jekundu, mzee aliikunja, akampa, akaagiza Papa Kataliko wa dukani aitwe, na mbele yake akasema nani atasoma. Baada ya wiki mbili, Alhamisi asubuhi, kati ya fumbo la tatu na la nne la rozari, Mwalimu Straton Nsengimana akafa. Hata rozari hakumaliza, na waliomjua walisema hilo peke yake lingemkera.

*

Magloire alifika Ijumaa kwa pikipiki, koti limejaa vumbi, ndani ya mfuko wa plastiki ana historia yake mwenyewe, imechapwa Goma kwa Kifaransa, kurasa tatu, yenye kichwa cha herufi kubwa. Saa nne kamati ya maziko ikaketi uani kwa marehemu. Papa Kataliko ndiye aliyeiongoza. Alikuwa mfanyabiashara aliyeshuka kutoka upande wa Butembo zamani, mwenye duka la vitenge na chumvi, mkubwa wa shirika la kanisani na pia mkubwa wa komite ya wazazi. Kwa cheo hicho cha pili ndiye aliyetunza ufunguo wa darasa.

"Marehemu alitoa neno mbele yangu," alisema Kataliko. "Mama Blandine njo atasoma, na Kiswahili. Papa Magloire, ile ya Kifaransa utaisoma na bale ba Goma."

Magloire alimeza hilo. Akanyoosha mkono, akapewa nakala ya saba, akaisoma akiwa amesimama. Umurerwa aliona macho yake yakishuka mstari kwa mstari, yakafika pale, yakagota.

"Hii ni nini?"

"Ni maneno yake, Papa Magloire."

"Nimeuliza hii ni nini. Nani amekutuma?"

"Yeye. Nakala iko na mukono yake iko nyumbani, na biki yake."

Kataliko alichukua karatasi, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa midomo. Kisha akakohoa kama aliyepaliwa na moshi.

"Papa alikuwa amezeeka," alisema Magloire, na sauti yake ilikuwa imepungua ukali. "Bazee banajitafutiaka zambi, hata pale haiko. Sikiliza, Mama Blandine. Papa amefundisha miaka makumi ine. Amekimbia na shule kichwani. Amefundisha chini ya turubai, bantu banalia njala. Kesho bantu bakitoka pale, unafikiri batabeba nini kwenda nayo nyumbani? Hawatabeba ile miaka. Batabeba kibao."

Ndivyo Umurerwa alivyowaza yeye mwenyewe barazani palepale, karibu neno kwa neno. Ni uchungu wa pekee kushindwa na hoja yako ikitoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Aliniapisha," alisema.

"Alikuwa baba yangu."

Magloire akatoa biki nyeusi mfukoni. Hakupitisha mstari mmoja kama baba yake. Alipaka, akarudia kupaka, mpaka yale maneno yakawa tofali jeusi katikati ya mwandiko safi wa Umurerwa, ule aliounakili mara saba. Kataliko akampokonya karatasi taratibu, akaipuliza wino ukauke, akamrudishia Umurerwa.

"Mutoto yangu, wewe uko muntu ya akili. Soma yote, pale ruka tu. Nani atajua? Na Jumatatu ukuje ku duka, tuongee juu ya ufunguo. Bale bamama hawawezi kubakia bila mwalimu."

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomkera Umurerwa kuliko biki nyeusi. Kama angetishwa, angejua la kufanya. Alipewa ndoto yake mkononi kama pipi, ili anyamaze.

Alirudi nyumbani akipiga mawe teke. Aliwakasirikia Magloire na Kataliko, lakini zaidi ya wote alimkasirikia maiti. Mfu kazi zake zimekwisha. Huwaachia walio hai, kisha analala kimya huku mikono imekunjwa kifuani.

Mukandayisenga alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo, Blandine anatambaa kando yake.

"Bamekupa ufunguo?"

"Jumatatu. Nikiruka mstari."

"Mustari gani?"

"Kuna mtoto alimvalisha kibao, zamani. Anaomba msamaha. Hawataki isomwe."

Vidole vya mama mkwe viliendelea kuchambua. Jiwe huku, harage kule. Kisha vikasimama.

"Aliandika jina?"

"Hapana. Alisema jina ni lake."

"Na ile maneno, ni wewe uliandika ao yeye?"

"Yeye, Mama. Na mkono wake, na biki yake nyekundu. Mimi nilimkatalia."

Mukandayisenga alisimama. Maharage yakamwagika, naye, mwanamke ambaye huokota hata harage moja kutoka majivuni, hakuinama. "Kesho mimi sitafika kule," alisema. "Mutoto nitabakia naye hapa." Akaingia ndani.

Umurerwa alibaki anautazama ungo. Mashamba yote yale. Magugu yote yale yaliyong'olewa katika mashamba ya watu. Alikumbuka mzee akisema hana miguu ya kumfuata mtu ndani ya maharage, naye akijifungia mtoto mgongoni kwa hasira, hasikii. Miaka mitatu alikuwa amebeba kaye kati ya watu hawa wawili, kutoka nyumba moja hadi nyingine, asijue amebeba nini.

Aliokota maharage yote, moja moja. Ndani hakuita, wala hakuitwa.

*

Kanisa lilijaa mpaka wengine wakasikilizia madirishani. Kabla ya kufunika jeneza, Magloire alichomeka biki nyekundu katika mfuko wa koti la baba yake, akairekebisha ikae wima, na Umurerwa, aliyekuwa amejiapiza kumchukia mtu huyo, akashindwa kwa dakika nzima.

Padri akampa ishara. Umurerwa akasimama pembeni ya jeneza na karatasi yake.

Alianza vizuri. Jina. Kijiji. Jina la baba na la mama. Miaka ya kwanza ya kazi, na makanisa madogo ya milimani alikofundisha katekisimu, akienda kwa miguu, akirudi kwa miguu. Alipofika kwenye godoro na ubao, na nani hasa alibeba godoro, kicheko kidogo kikapita katika viti vya akina mama, na mmoja akasema kwa sauti, "Njo yeye kabisa." Hata Magloire aliuma mdomo asicheke.

Kisha tofali jeusi.

Hapo ndipo aliposikia sauti ya Blandine. Mtoto alikuwa na njaa. Kilio hicho angekitambua hata sokoni Mweso siku ya Ijumaa. Akainua macho. Mukandayisenga alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja kizingitini na mwingine nje, Blandine begani, kama mtu aliyeleta mzigo ambao haukuwa wake na anangoja upokelewe aende. Mtoto alimkuta nani wa kumnyonyesha nyumbani? Ilibidi aje. Lakini angeweza kumpa yeyote aliyekuwa nje, na hakumpa.

Umurerwa alimtazama Kataliko katika kiti cha mbele. Kataliko alimwashiria kwa kichwa, kwa upole wake uleule: endelea, mutoto yangu, ruka. Akamwona Magloire pia, ameinamisha kichwa.

Kwenye karatasi hapakuwa na kitu. Lakini mstari ule alikuwa ameunakili, na anayenakili hukumbuka.

"Mwaka wa 1979," alisema, "nilimvalisha mtoto mmoja wa kike kibao shingoni siku tatu, kwa sababu aliongea lugha ya mama yake darasani. Siku ya nne hakurudi shuleni. Namwomba msamaha, na Mungu pia."

Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikatika kwenye "namwomba". Blandine mwenyewe aliacha kulia. Mzee mmoja wa nyuma alijishika shingo, labda bila kujua. Kisha kiongozi wa kwaya, kwa woga, akaanzisha wimbo ambao zamu yake haikuwa imefika, na watu wakaurukia kama wanaokimbia mvua.

Umurerwa alipotazama tena mlangoni, mtoto alikuwa mikononi mwa jirani, na mama mkwe hakuwapo.

Makaburini Magloire alimpita bila kumtazama. Alipokuwa amempita tayari, alisema, "Umetuvua nguo, Mama Blandine." Hakungoja jibu. Watu wengine walimwambia amefanya vizuri, wengine walimwambia maiti hasutwi, na wengi hawakumwambia kitu, wakawa wanaulizana wao kwa wao, ni nani yule mtoto, aliolewa wapi, bado yuko hai. Ilikuwa kama Magloire alivyosema. Walikuwa wamebeba kibao.

Jumatatu alienda dukani. Kataliko alikuwa anapima chumvi, na aliendelea kupima.

"Komite itakaa," alisema.

"Itakaa lini, Papa?"

"Itakaa."

"Bale bamama wananiuliza. Leo saa kumi watakuja na kaye zao."

"Baambie komite itakaa." Akafunga mdomo wa mfuko kwa kamba, akaukaza. Halafu, akiwa bado hamtazami, akaongeza, "Nilikuomba mustari moja tu."

Hivyo saa kumi Umurerwa alisimama mbele ya mlango uliofungwa, akina mama kumi na tisa wameketi kwenye majembe yao, akawaambia komite itakaa. Mmoja akauliza kama komite ikikaa itajua kusoma. Walicheka, lakini kicheko hicho kilirudi nyumbani pamoja naye kikiwa kimechacha. Alikuwa ametimiza neno, na kwa kutimiza neno alikuwa amempoteza mwalimu, chaki na ufunguo, vyote ndani ya siku nne. Alifika, akalitupa kaye kwenye kona ya kuni.

Mukandayisenga alikuwa jikoni, amempakata Blandine. Tangu Jumamosi hakuwa amesema zaidi ya maneno ya chumvi na maji.

"Kaye haiko kuni," alisema. "Lete."

Umurerwa akalileta.

"Ile pale aliandika yeye. Nionyeshe."

Umurerwa akafungua nakala ya sita, akaigeuza ubavu. Mwandiko mwekundu ulitetemeka kando ya karatasi. Mama mkwe aliufuata kwa kidole, toka mwanzo mpaka mwisho, asijue neno lolote, kwa uangalifu kama anayepapasa kovu.

"Hapa njo alisema siku tatu?"

"Hapo, Mama."

"Haikukuwa siku tatu. Ilikuwa ine."

Kidole chake kikarudi mwanzo wa mstari.

"Anasema siku ya ine sikurudi. Nilirudi. Niliamka asubuhi, nikaivaa mimi mwenyewe, nikaenda. Nikasimama ku mulango, mguu moja ndani. Yeye alikuwa ameinamia kaye ya mutoto mwingine, anasahihisha. Hakuniona." Akamhamisha Blandine goti la pili. "Sikumuita. Ningemuita na luga gani?"

Moto ulipasua ukuni. Umurerwa alimfikiria mzee miaka yote hiyo akimwomba Mungu msamaha wa siku tatu, na ya nne imesimama mlangoni.

"Na kibao, Mama?"

"Nilipikia viazi."

Mama mkwe alisema hivyo kwa uso mkavu, kisha pembe ya mdomo wake ikasogea, na Umurerwa akacheka, na machozi yakamtoka kwa njia hiyohiyo.

"Unacheka nini? Vilikuwa vitamu." Akaligonga kaye kwa kidole. "Sasa hii iko na kosa. Utaiacha hivi?"

"Mwenyewe amezikwa, Mama. Biki nyekundu amezikwa nayo."

"Hauna ingine?"

Alikuwa na ya bluu. Akaitafuta ndani ya kikapu, chini ya nguo za mtoto. Alitaka kufuta neno *tatu* na kuweka *nne* juu yake, lakini mkono ulikataa. Sheria ilikuwa ileile. Akahesabu kurasa zilizobaki katika kaye. Tano. Akafungua ukurasa safi, akaulalisha juu ya goti.

"Na jina, utaweka?" aliuliza Mukandayisenga.

"Ukitaka. Alisema ni lako."

Mama mkwe alifikiri. Nje, upande wa shule, mtu alikuwa anamwita mbuzi.

"Ni ndefu," alisema. "Mustari itaenea?"

"Itaenea."

Umurerwa akaanza tangu juu: jina la Mwalimu, kijiji, baba, mama, makanisa ya milimani, godoro. Aliandika polepole kuliko siku zote, kwa herufi kubwa za darasa la jioni, na mama mkwe akavuta kigoda chake karibu na bega lake, akiingoja zamu ya mstari wake.